Kikanyagio kikikataa, fuata njia ya amri: kwa mpiga gitaa anayeanza

Jumamosi moja jioni, kijana anayepiga gitaa kanisani huko Kayole, Nairobi, alinipigia simu sauti ikimtetemeka. Alikuwa amepanga vyombo kwa mazoezi, lakini pedali ya sauti aliyoichomeka kwenye prosesa yake ya efekti, yaani kisanduku kinachobadilisha sauti ya gitaa, ilikuwa imekataa kabisa. Aikanyage mbele, airudishe nyuma, gitaa kimya. Ibada ya kwanza ilikuwa saa moja asubuhi. Nilipofika nilikuta ameshafanya jambo lililoniuma kuliko hitilafu yenyewe: alikuwa ameirudisha prosesa kwenye hali ya kiwandani. Sauti zote alizozitengeneza kwa miezi minane zilikuwa zimefutika, na pedali bado ilikuwa imekataa.

Kosa lilikuwa kwenye waya. Ule wa zamani ulikatika, akapita River Road akanunua mwingine wenye plagi inayofanana na ya gitaa. Tazama plagi kwa makini kabla ya kulipa. Ya gitaa ina mstari mweusi mmoja karibu na ncha. Ya pedali ya aina hii ina mistari miwili. Prosesa hutuma volti ndogo kwenye pedali, na pedali hurudisha sehemu ya volti hiyo kulingana na mguu wako ulipofika. Kwa hiyo zinahitajika njia tatu: ya kwenda, ya kurudi na ya ardhi. Plagi ya mstari mmoja huunganisha pete ya katikati (sehemu iliyo kati ya mistari miwili) na ardhi, na prosesa husoma kwamba mguu wako uko nyuma kabisa saa zote. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inatii ilichosoma.

Ndiyo maana nataka uelewe jambo hili kabla hujashika bisibisi. Kikanyagio unachokiunganisha na prosesa, kiwe pedali au ubao wa swichi za mguu, hakibebi sauti ya gitaa lako. Kinabeba amri. Gitaa likisikika vizuri lakini sauti haibadiliki ukikanyaga, basi waya wa gitaa, ampu na spika hazihusiki, usizihangaishe. Shida iko mahali fulani kati ya unyayo wako na sikio la prosesa, na njia hiyo ni fupi: swichi, sakiti ya ndani, stima yake, waya, jeki (tundu la plagi), kisha mipangilio ya prosesa. Ipite hatua kwa hatua, na ubadilishe kitu kimoja tu kila unapojaribu. Ukibadilisha waya na adapta kwa pamoja na kikaanza kufanya kazi, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na wiki ijayo utakibeba kile kibovu kwenye harusi ya watu.

Anza na stima. Pedali nyingi za gitaa hutumia volti 9 za mkondo mnyoofu (DC), hasi ikiwa katikati ya plagi, lakini si zote. Zipo zenye chanya katikati, na zipo prosesa zinazotaka volti 9 za mkondo geu (AC), jambo ambalo huwezi kulijua kwa kutazama plagi. Soma maandishi yaliyo chini ya chombo, kisha soma yaliyo kwenye adapta, yalingane. Angalia pia miliampea (mA), yaani kiasi cha mkondo ambacho adapta inaweza kutoa. Kikanyagio kinachohitaji 400 kikipewa adapta ya 100, kinaweza kuwaka vizuri, halafu kikajizima na kuwaka upya pindi taa zake zote zinapowaka kwa pamoja. Nimeona watu wakiliita hilo tatizo la programu wakati ni njaa ya stima tu. Kanisa likiendeshwa kwa jenereta, subiri mashine itulie kabla ya kuwasha vyombo vyako.

Na unapowasha, ondoa mguu! Vyombo vingi hukagua swichi zake wakati wa kuwaka. Swichi iliyokandamizwa wakati huo inaweza kusomwa kinyume, ikawa unapobonyeza ndipo efekti inapozima. Katika baadhi ya prosesa, kukandamiza swichi fulani wakati wa kuwasha ndiyo njia yenyewe ya kufuta kila kitu.

Sasa MIDI, ambayo ndiyo huwatesa wageni zaidi. Lugha hii ambayo vyombo vya muziki hutumiana amri kwayo ilianza kutumika mwaka 1983, na bado ndiyo inayotumiwa na vikanyagio vingi vikubwa vyenye swichi kumi au zaidi. Plagi yake ya mviringo ina pini tano, lakini ujumbe hupita kwenye ya 4 na ya 5, nayo ya 2 ni ya kinga. Waya utoke OUT ya kikanyagio uingie IN ya prosesa. Wanafunzi wangu wengi huunganisha IN na IN, kwa sababu neno hilo linawavutia pande zote mbili. Jihadhari pia na nyaya za redio za zamani zenye pini tano zilezile: umbo ni moja, lakini ndani huenda zimefungwa kwa mpangilio mwingine. Multimita ya kawaida ya kutoka Luthuli Avenue itakuonyesha kwa dakika moja kama pini ya 4 inafika kwenye ya 4 na ya 5 kwenye ya 5. Usizidishe urefu wa mita 15. Na kama kikanyagio chako hupata stima kupitia waya huohuo wa MIDI, waya wenye nyuzi tatu tu hautakiwasha.

Waya ukiwa mzima, nenda kwenye chaneli. MIDI ina chaneli 16. Kikanyagio kikizungumza kwenye ya 1 na prosesa ikasikiliza ya 2, kila kimoja ni kizima na hakuna kinachotokea. Weka prosesa isikilize chaneli zote kwa muda. Ikianza kuitikia, umeshapata jibu. Wakati mwingine itaitikia lakini kwa sauti ya jirani: unaita ya 5, inakuja ya 6. Sababu ni kwamba nambari za sauti zenyewe huanzia 0 hadi 127, ila watengenezaji wengine huonyesha 1 hadi 128. Hilo si ubovu. Tafuta mpangilio wa kusogeza hesabu, au zoea tofauti hiyo.

Pedali iliyo kwenye kikanyagio cha MIDI nayo hutuma nambari ya amri, kwa kawaida 7 kwa kiwango cha sauti au 11 kwa mkazo (expression). Prosesa ikiwa inasubiri nambari nyingine, utakanyaga hadi kesho.

Kuhusu USB nitasema moja tu, kwa sababu wengi wamepoteza pesa hapa. Kikanyagio chenye USB na prosesa yenye USB, ukiviunganisha moja kwa moja, mara nyingi haviongei. Vyote viwili ni wageni, hakuna mwenyeji. Kompyuta ndiyo huwa mwenyeji, au kisanduku maalumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Uliza kabla ya kununua.

Kuna vikanyagio vinavyotumia plagi ya plastiki kama ya waya wa intaneti, kwa mfano FBV za kampuni ya Line 6. Usichomeke kamwe chombo hicho kwenye ruta.

Pedali ikiruka badala ya kupanda taratibu, ifundishe prosesa upya mwanzo na mwisho wake: kisigino chini kabisa, kisha vidole chini kabisa, kwa utaratibu ulioelezwa kwenye kitabu chake. Isipotulia, huenda ndani kuna vumbi, na vumbi la Nairobi miezi ya Januari na Februari ni zito. Spreyi ya kusafishia kontakti hutosha mara nyingi. Mafuta ya kulainisha bawaba hayafai, huvuta vumbi zaidi. Jeki inayolegea ikaze nati mapema, maana ikizunguka ndani hung'oa risasi ya kulehemu kwenye bodi ya sakiti, na hapo unahitaji fundi anayejua kulehemu vitu vidogo. Ukimpelekea, mwambie ni swichi ipi, tangu lini, na umeshajaribu nini. Utamwokolea nusu siku.

Usiku ule Kayole tulitengeneza upya sauti tatu, moja safi, moja ya kwaya, moja ya solo, kwa waya wa mistari miwili niliokuwa nao mkobani. Siku hizi yule kijana huhifadhi sauti zake kwenye kompyuta kila mwisho wa mwezi. Chini ya kikanyagio chake amebandika plasta, akaandika kwa kalamu: chaneli 3, pedali 11, volti 9, hasi katikati.