Ukitaka Kuiiga Leshi, Iige Ile ya Mwanzoni

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa kijana mmoja wa Mwanza ambaye amekuwa akisoma makala zangu kuhusu biashara ya video mtandaoni. Ana programu ya simu inayoonyesha filamu za watayarishaji wa Kanda ya Ziwa, ana wateja wanaolipa kila wiki kwa pesa za simu, na sasa amepata mtu aliye tayari kumpa mtaji. Mpango wake ni kuuza ving'amuzi, kisha simu zenye jina la kampuni yake, kisha kutengeneza filamu mwenyewe, na hatimaye kuingia katika usafiri wa pikipiki za umeme. Aliandika hivi: "Dada, usinicheke. Wachina wa LeTV walianza na video tu kama mimi, wakafika hadi kwenye magari."

Sikumcheka. Nilikaa kimya siku nzima kwa sababu maneno hayo niliwahi kuambiwa, tena kwa sauti ya ukali zaidi, na mtu niliyekuwa nikigawana naye ofisi. Nitamjibu hapa hadharani, maana najua wasomaji wengi wa ukurasa huu mna ndoto ya namna hiyo hiyo.

Nilikuwa mwanafunzi Beijing wakati kampuni hiyo ikiwa katika utukufu wake. Jina lake halisi ni Leshi. Wengi waliifahamu kwa jina la LeTV, na mwaka 2016 ikajiita LeEco. Bwenini kwetu kulikuwa na runinga yake kubwa, na jioni tulikusanyika kuitazama, sisi Waafrika tukilalamika kwamba tamthilia za majumba ya wafalme haziishi. Sikujua wakati huo kwamba tamthilia hizo ndizo zilizokuwa msingi wa kampuni yote.

Leshi ilianzishwa Beijing mwaka 2004 na Jia Yueting, mzaliwa wa jimbo la Shanxi. Miaka iliyofuata washindani wake wakubwa, Youku na Tudou, walitegemea video zilizopakiwa na watumiaji, nyingi zikiwa za wizi. Jia alifanya jambo ambalo halikuwa na mvuto wowote: alinunua haki za kuonyesha filamu na tamthilia mtandaoni, kwa mikataba, wakati bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyeona maana ya kulipia kitu ambacho kila mtu alikipata bure. Serikali ya China ilipoanza kuukaba uharamia, na kampuni zikaanza kushtakiana mahakamani, bei za haki hizo zilipanda kwa kasi, na waliokuwa wakimdharau wakalazimika kwenda kununua kwake ruhusa ya kuonyesha. Agosti 2010 Leshi iliorodheshwa katika soko la hisa la Shenzhen, kwenye ubao wa kampuni changa uitwao ChiNext, ikiwa kampuni ya kwanza ya video mtandaoni kuuza hisa ndani ya China yenyewe, wakati wenzake walikuwa wakienda New York.

Naomba msomaji wangu wa Mwanza asiharakishe kuipita sehemu hii, ingawa najua ataipita, kama nilivyowaona wengi wakiipita. Kila ninapozungumza na vijana wenye programu za filamu, huniuliza kuhusu seva, kuhusu matangazo, kuhusu namna ya kumpata mwekezaji. Mikataba na watayarishaji huitaja mwishoni, tena kwa aibu kidogo, kwa sababu mara nyingi mkataba wenyewe ni ujumbe wa sauti kwenye simu.

Hatua ya pili ya Leshi pia ilikuwa na akili. Mwaka 2013 ilianza kuuza runinga zake, zikiundwa na viwanda vya Foxconn, kwa bei iliyowashangaza watengenezaji wa zamani, kwani ilikuwa tayari kuuza chini ya gharama na kurudisha fedha kupitia ada ya uanachama ambayo mnunuzi aliilipa pamoja na kifaa. Runinga ilikuwa mlango wa kuingilia kwenye ghala la filamu. Kama filamu ni zako na wanachama wanalipa kila mwaka, hesabu hiyo inaweza kukubali. Mbia wangu, yule niliyekuwa nikigawana naye ofisi, aliisoma habari hiyo, akaishia hapo.

Niliporudi Dar es Salaam tulianza pamoja biashara ya kuonyesha filamu mtandaoni, yeye akishughulikia wawekezaji na mimi nikishughulikia watayarishaji. Nilizunguka kwa watu waliozoea kuwauzia wasambazaji wa DVD wa Kariakoo filamu nzima kwa malipo ya mara moja, nikawaeleza kwamba sisi tutawalipa kwa kila anayetazama, kila mwisho wa mwezi. Wengi walinitazama kama mtu anayeuza dawa ya mvuto. Walikubali mmoja mmoja, na walikubali kwa sababu malipo ya mwezi wa kwanza yalifika siku tuliyoahidi, ya mwezi wa pili vilevile. Kampuni ilikuwa ndogo, lakini ilijilipia kodi ya pango, leseni ya maudhui ya mtandaoni na mishahara, na kwa mtu aliyeanza bila mjomba mwenye fedha hilo si jambo dogo.

Kisha akaja mwekezaji, na mbia wangu akaja na michoro. Alitaka kisanduku cha runinga, alitaka studio, alitaka ofisi yenye vioo. Nilipouliza fedha za watayarishaji zitakaa akaunti gani wakati tunanunua visanduku, alinijibu mbele ya wafanyakazi wote kwamba nina mawazo ya duka la rejareja, na kwamba Jia Yueting asingefika popote kama angekuwa na mtu kama mimi mezani. Mwezi haukuisha aliondoka na mwekezaji na waandishi wetu wote wa programu. Sitaficha kwamba jambo hilo bado linaniuma. Wapo niliowafundisha kazi tangu herufi ya kwanza, na hadi leo wakiniona barabarani wanavuka upande wa pili.

Aliniacha na muda mwingi wa kusoma, basi nikasoma habari za Leshi hadi mwisho.

Kuanzia mwaka 2014 Jia aliongeza biashara juu ya biashara. Mwishoni mwa mwaka huo alitangaza mradi wa gari la umeme. Mwaka 2015 zikaja simu. Mwaka huo huo akachukua asilimia 70 ya Yidao, kampuni ya kuita teksi kwa simu, na sehemu ya kampuni ya simu ya Coolpad. Tawi la michezo likanunua haki za ligi ya soka ya China kwa yuan bilioni 2.7 kwa misimu miwili. Julai 2016 alitangaza kuinunua Vizio, kampuni ya runinga ya Marekani, kwa dola bilioni 2, na mnamo Oktoba akafanya uzinduzi mkubwa San Francisco. Fedha za kufanyia haya zilitoka wapi? Jibu fupi ni hisa. Mei 2015 thamani ya Leshi sokoni ilizidi yuan bilioni 150, na Jia aliweka rehani sehemu kubwa mno ya hisa zake ili kukopa. Aliuza nyingine kwa mabilioni, akiahidi kuikopesha kampuni fedha hizo bila riba, ahadi ambayo wasimamizi wa soko walikuja kumkumbusha kwamba hakuitimiza. Biashara ya gari haikuwa ndani ya kampuni iliyoorodheshwa, wala ya simu, lakini zote zilikula kwa jina lake. Ni mtindo wa mtu anayechukua zamu yake ya upatu mapema ili alipie upatu wa mtaa mwingine: maadamu kila mtaa unaendelea kuchanga, anaonekana tajiri mitaa yote.

Novemba 2016 Jia aliwaandikia wafanyakazi wake barua, akakiri kwamba walikwenda mbio kupita kiasi na fedha taslimu zimepungua, na akajipunguzia mshahara hadi yuan 1 kwa mwaka. Magazeti mengi yaliupenda mshahara huo wa yuan moja. Mimi niliposoma nilitaka kujua wenye viwanda waliouza vipuri vya simu kwa mkopo wamelipwa lini, na jibu likaja katikati ya mwaka 2017, pale wazabuni walipopiga kambi makao makuu ya kampuni Beijing wakidai fedha zao. Aprili mwaka huo mwanzilishi wa Yidao, Zhou Hang, alikuwa tayari amedai hadharani kwamba yuan bilioni 1.3 za kampuni yake zilichukuliwa kwa matumizi ya LeEco. LeEco ikakanusha, lakini madereva wa Yidao walihangaika kutoa mapato yao kwenye programu. Dereva wa teksi alikuwa akigharamia ndoto ya gari ambalo halijaundwa.

Mwokozi alipatikana kwa muda. Januari 2017 Sun Hongbin, tajiri wa kampuni ya majengo ya Sunac na mwenyeji mwenzake Jia wa Shanxi, aliweka yuan bilioni 15. Haikutosha. Ununuzi wa Vizio ulivunjika Aprili. Julai mahakama ya Shanghai ilizuia mali za Jia na kampuni zake zenye thamani ya yuan bilioni 1.24, naye akajiuzulu uenyekiti na kwenda Marekani, ambako mradi wake wa gari, Faraday Future, ulikuwa California. Mwezi Desemba wasimamizi wa soko walimwagiza arudi nyumbani kabla ya mwaka kuisha. Hakurudi. Hisa ziliporudi sokoni Januari 2018 baada ya kusimamishwa kwa miezi mingi, zilishuka hadi kikomo cha asilimia 10 kinachoruhusiwa kwa siku, siku 11 mfululizo. Sun naye alijiondoa, na Sunac ikaandika karibu fedha zote ilizoweka Leshi kuwa hasara. Julai 2020 Leshi iliondolewa kabisa katika soko la Shenzhen.

Hadi hapo mtu angeweza kusema kwamba tatizo lilikuwa haraka, na hivyo ndivyo makala nyingi za ushauri zinavyosema: panua polepole. Lakini mwaka 2021 tume ya China ya kusimamia masoko ya mitaji ilitoa uamuzi wake baada ya uchunguzi, ikasema kwamba Leshi ilighushi hesabu kuanzia mwaka 2007 hadi 2016, pamoja na zile ilizotumia kuingia sokoni. Kampuni na Jia walitozwa faini ya zaidi ya yuan milioni 240 kila mmoja, naye akafungiwa masoko ya hisa maisha. Mwaka 2023 mahakama ya fedha ya Beijing iliamua kwamba wawekezaji wapatao 2,000 walipwe takribani yuan bilioni 2. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwanza, unapoonyeshwa mchoro wa kampuni iliyopanda kutoka video hadi magari, kumbuka kwamba mstari ule ulichorwa kwa wino wa uongo tangu chini. Mikataba ya tamthilia ilikuwa ya kweli. Mapato yaliyotangazwa hayakuwa ya kweli yote.

Nami nikushauri nini? Fedha za watayarishaji zikae akaunti ya peke yake, isiyoguswa na mtu, hata wewe. Ukiuza king'amuzi, kijilipie chenyewe; kama kinahitaji ada ya mwaka mzima ya wateja wa filamu ili kiagizwe, usikiagize. Usiweke rehani hisa za kampuni inayokulisha ili uanzishe isiyokulisha. Na fedha za watayarishaji, narudia, zikae akaunti yake. Vijana mnapenda sana neno maono, na mtu akiwauliza risiti mnamwona adui wa maendeleo. Muulizeni mtu mwenye maono amemlipa nani mwezi uliopita.

Kampuni ya mbia wangu ilikusanya ada za mwaka mzima kwa ajili ya visanduku, ikapanga ofisi yenye vioo, na ikafungwa kabla visanduku vyote havijafika. Watayarishaji walikuja kugonga kwangu, kwa kuwa mikataba ya awali ilikuwa na sahihi yangu. Wale wenye sahihi yangu niliwalipa kwa mafungu, ikanichukua muda mrefu, na ndio hao hao walionipa filamu mpya mwaka huu bila kudai malipo ya mbele. Nalisema hili kwa majivuno, na wenye kukereka wakereke.

Leshi yenyewe haikufa. Mwanzoni mwa mwaka 2021 iliweka kwenye nembo ya programu yake maneno ya kujikejeli kwamba inadaiwa yuan bilioni 12.2, na Wachina wakaipakua kwa kicheko. Baadaye ikawa habari tena kwa sababu wafanyakazi wake waliobaki, mia chache tu, walisemekana kuishi kwa raha bila bosi, na mwaka 2023 wakaanza kufanya kazi siku nne na nusu kwa wiki. Sehemu ya kinachowalisha ni haki za tamthilia za zamani, ikiwemo ile ya masuria wa mfalme tuliyoilalamikia bwenini, ambazo kampuni bado inawakodisha washindani waliobaki wakubwa.

Kuhusu mtu wako mwenye mtaji, sitakwambia umkatae wala umkubali kabla sijaona karatasi. Nitumie mikataba yako yote na watayarishaji, nianze na ukurasa unaosema haki ni za miaka mingapi, za nchi zipi, na kama zinahamishika ukiuza kampuni. Kama ukurasa huo haupo, mwambie mwenye mtaji asubiri mwezi mmoja, upande basi ukawatafute watayarishaji mmoja mmoja, kuanzia Bukoba hadi Musoma, wakutilie sahihi.