Maswali ya Wasomaji: Dhamira na Ujumbe Vinatofautianaje?

SWALI: Mhariri, najiandaa na mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya kukaa nje ya shule kwa miaka mingi. Nikifika kwenye fasihi, maudhui, dhamira na ujumbe naviona kitu kimoja, na kwenye ufahamu najikuta nanakili sentensi za kifungu kama zilivyo. Nianzie wapi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu msomaji, acha kwanza kukariri fasili, kwani fasili isiyo na hadithi ya kuijaribia haikai kichwani. Chukua kisa hiki: kondakta wa daladala ya Gongo la Mboto anaokota pochi yenye fedha chini ya kiti, anaificha, na jioni anapofika nyumbani anamkuta dada yake akilia kwa kuwa ada ya mtoto imepotelea garini.

Yote yanayosemwa na kisa hicho ndiyo maudhui. Namna yanavyosemwa ni fani. Ndani ya maudhui, dhamira ni jambo linalozungumziwa, nalo hutosha kutajwa kwa neno moja au mawili, kama vile tamaa au uaminifu. Ujumbe ni funzo analoondoka nalo msomaji, kwa hiyo uandike kwa sentensi kamili: mali ya kuokota ina mwenyewe. Ukijibu "tamaa" mahali palipoulizwa ujumbe, utapoteza alama hata kama kisa umekielewa barabara. Mgogoro nao umo nafsini mwa kondakta, kati ya shida zake na dhamiri yake (dhamiri, yaani sauti ya ndani inayomwonya mtu, si dhamira; wengi huteleza hapo).

Kwa upande wa fani, ukianza na kilio cha dada kisha ukarudi nyuma kwenye pochi, muundo wako ni rejeshi; ukisimulia matukio kwa mfuatano wake, ni msago. Kondakta "mwepesi kama swala" ni tashibiha, kwa kuwa umelinganisha kwa neno "kama", lakini ukisema "kondakta yule ni swala", bila neno hilo, ni sitiari.

Katika mazoezi ya ufahamu, soma kifungu mara mbili, kifunike, ujibu kwa maneno yako, ndipo ukifunue na kuhakiki. Neno lililopigiwa mstari lipe maana iliyokusudiwa katika kifungu hicho: viongozi "waliopiga" fedha za mradi hawakumchapa mtu, bali waliiba.