Umama wa kwenye tamthilia ni kazi, mdogo wangu

Juzi binti mmoja yuko Mwanza kanitumia meseji ndefu inbox, nimeisoma halafu usiku kucha inanizunguka kichwani. Anasema kaanza kuigiza, ana sura nzuri (picha kaambatanisha na kweli mashallah), lakini kila akienda usaili anapewa udada wa kazi au ushangazi, na safari hii wamempa umama wa watoto wakubwa wakati yeye mwenyewe hajafika hata miaka 30. Anauliza afanyeje apewe usteringi, yaani nafasi ya mhusika mkuu, kabla umri haujamtupa mkono. Swali hili naulizwa sana na najua wengi mnaosoma hapa mnalo moyoni, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa mpigo.

Mimi nilianza kuigiza umama kabla sijawa mama wa mtu yeyote. Ilikuwa Temeke, kwenye kikundi cha mtaani, ile enzi kundi la maigizo la Kaole liko ITV na muda wao ukifika mtaa mzima umehamia kwa mwenye tivii, na sisi vikundi vidogo tunajifua kwenye ukumbi wa kuazima tukiamini zamu yetu inakuja. Nafasi zilikuwa zinagawiwa kwa macho tu. Mwembamba mweupe anapewa mpenzi wa steringi, mwenye mwili na sauti nzito kama mimi anatupiwa khanga mbili anaambiwa wewe mama mkwe. Baadaye muvi za kwenye CD ziliposhika kasi nikaenda kwa prodyuza mmoja, simtaji, akanitazama juu mpaka chini akasema mbele za watu, "Huyu sura yake haiuzi kava." Watu wakacheka. Miaka imepita, nina kazi, nina heshima yangu, na yale maneno bado yananiuma, sitawadanganya.

Hapo katikati nikaolewa, nikazaa, nikauza vitenge, tuyaruke hayo.

Nataka niwaeleze sini moja vizuri kwa sababu ndiyo iliyonifungulia njia. Tunashuti Mbezi kwenye nyumba ya kukodi, mimi ni mama, binti yangu anakuja kuniambia ana mimba ya mume wa dada yake. Kwenye skripti nina maneno mawili matatu tu, "Unasema?" halafu "Toka mbele yangu", basi. Nikaomba mkeka, nikaomba ungo, na ungo wenyewe nikataka uwe na mchele wa kweli wenye vijiwe, nikakaa uani nikawa nachagua. Binti anaongea, mimi sinyanyui macho, kidole kinasukuma vijiwe pembeni. Akifika kwenye jina la shemeji yake mkono unasimama, nimeshika kijiwe kati ya vidole na sikitupi. Analia, anajieleza, bado nimekishika. Halafu nakirudisha palepale kwenye mchele niliokwisha kuuchagua, nauchanganya wote upya kwa kiganja, ndiyo nasema "Toka mbele yangu."

Lile la kurudisha kijiwe halikuwepo kwenye skripti, nililijaribu kwanza jikoni kwangu mpaka mkono ukazoea. Na msidhani ilikuwa rahisi maana bodaboda ikipita tunarudia, jenereta la jirani likiwaka tunarudia, na kila tukirudia lazima nikumbuke kijiwe kilikuwa mkono gani na kichwa kilikuwa upande gani, usipokumbuka mhariri anashindwa kuunga na wewe ndiye unayekatwa, steringi hakatwi.

Ilipoonyeshwa, nipo msibani Mbagala, mama mmoja mtu mzima ananivuta pembeni ananiuliza kwa uchungu kabisa, "Lakini mwenzangu, mbona ulimfukuza mtoto, si ungemsikiliza kwanza?" Yule binti aliyecheza steringi alikuwepo palepale msibani. Hakuulizwa yeye, niliulizwa mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mpe mhusika wako kazi ya mikono. Mama wa Kitanzania hakai kwenye kochi mikono mapajani anasubiri zamu yake ya kuongea. Anachambua mboga, anasuka mtoto, anahesabu hela ya kikoba. Ukiwa na kazi mkononi hata kimya chako kinaonekana.

Kuna mwigizaji mwanamke Mmarekani anaitwa Margo Martindale, mtafuteni mumsome. Kazaliwa 1951 Jacksonville, Texas, na karibu maisha yake yote amecheza majirani, wakwe, wauguzi, mama za watu. Mwaka 1987 ndiye aliyekuwa Truvy wa kwanza, yule mwenye saluni, mchezo wa Steel Magnolias ulipofunguliwa jukwaani New York. Mchezo huo ulipofanywa filamu 1989, Truvy akawa Dolly Parton, yule mwimbaji maarufu. Nafasi umeijenga wewe, halafu kamera zinafika anapewa mwenye jina. Niliposoma hilo nilifunga simu nikatembea kidogo uani, maana nilimsikia tena yule prodyuza wa kava.

Ila yeye hakuacha. 2004 alikuwa mama wa Hilary Swank kwenye filamu ya Million Dollar Baby, sini chache tu, na unatoka unamchukia kabisa. Halafu 2011 kwenye tamthilia ya Justified, msimu wa pili, akapewa Mags Bennett, mama wa wanaume watatu wakorofi huko Harlan, Kentucky, ana duka, anauza bangi, anapika pombe yake mwenyewe. Kwenye sehemu ya kwanza ya msimu huo anamkaribisha jamaa glasi ya hiyo pombe, wanaongea vizuri kabisa, kumbe sumu ilishakuwa kwenye glasi. Jamaa anakata roho na yeye kamshika mkono anambembeleza kwa sauti ya mzazi. Hapigi kelele hata moja! Mwaka huohuo akachukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji msaidizi, ana miaka 60. Akachukua nyingine 2015 na 2016 kwa kucheza Claudia kwenye tamthilia ya The Americans, yule mama anayewasimamia majasusi wa Kirusi. Miaka 60, mdogo wangu, na wewe wa chini ya 30 unaniambia umri unakutupa mkono.

Na hapa nyumbani Afrika Mashariki tunaye Mama Kayai wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha KBC Kenya. Jina lake ni Mary Khavere lakini waulize watu watakwambia Mama Kayai. Kacheza mke wa Ojwang miaka na miaka, na marehemu Mzee Ojwang huwezi kumkumbuka bila sauti ya mkewe pembeni.

Ushauri wa pili, sikiliza. Mwenzako akiongea msikilize kweli, usiwe unahesabu maneno yako kichwani. Wa tatu unafanana na huo wa pili na nitaurudia mpaka mchoke, sikilizeni! Wasichana wa siku hizi mnafika seti na kope za sentimita tano kucheza mama wa kijijini, mnamuuliza dairekta "naonekanaje" badala ya kumuuliza huyu mama alifiwa lini, anadaiwa na nani, jana usiku alilala saa ngapi. Muwe na adabu na kazi. Fika kabla ya muda, jua maneno yako, jua na ya mwenzako, usimdharau mtu wa sauti. Nafasi ndogo ukiichukua kwa kununa kamera inauona mdomo uliovutwa, haifichi.

Na nyie waandishi mnaosoma hapa, mama mpeni jina. Unafungua skripti unakuta "MAMA WA JUMA" kurasa arobaini, hana jina, hana shoga, hana hata anachokipenda.

Mwisho ni hela, maana hapa ndipo wanapotumalizia. Steringi analipwa mapema, sisi tunaambiwa "mama, wiki ijayo", na kwa kuwa wewe ni mama unaona aibu kudai. Dai. Mkataba usainiwe kabla hujavaa nguo ya seti, kiandikwe kiasi, ziandikwe siku za kushuti na siyo idadi ya sini tu, kwa sababu sini mbili zinaweza kukukalisha kutwa nzima. Na waandike nauli ya kurudi usiku, mimi nilishawahi kuachwa Kigamboni saa sita usiku na meikapu usoni, gari la prodakshen limeondoka na mastaa.