Leseni ya Windows: inahama, au inabaki na laptopu?

Msimu wa korosho ukishika kasi hapa Mtwara, hukosi mtu wa kuja dukani na kompyuta mpya begani. "Kaka, laptopu yangu ya zamani ina Windows halali kabisa. Nihamishie kwenye hii." Nami humrudishia swali: leseni yenyewe ni ya aina gani?

Maana si zote zinazohama. Ile iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani huitwa OEM, nayo imefungwa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ufunguo wake wa herufi na tarakimu 25 kwa kawaida huandikwa ndani ya mashine yenyewe. Laptopu ikifa, leseni inazikwa nayo. Hata kama ilikuwa Windows 7 ya kiwandani ukaipandisha bure hadi Windows 10, bado ni OEM. Inayohama ni Retail, yaani uliyoinunua peke yake kwa pesa yako, na hiyo pia hukaa kwenye mashine moja tu kwa wakati mmoja.

Kujua unayo ipi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, kisha Enter. Subiri kisanduku kitokee, usome maelezo. Ukiona OEM, usipoteze bando lako. Ukiona RETAIL, huenda una bahati, isipokuwa kama ni ile ya kiwandani uliyoipandisha bure. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, hiyo ni leseni ya taasisi, na mashine hutakiwa kuwasiliana na seva (kompyuta kuu) ya taasisi hiyo angalau mara moja kila siku 180. Kama hujawahi kuajiriwa wala kusoma mahali penye seva ya namna hiyo, basi fundi alikuchakachulia. Samahani, lakini ndiyo hali ya laptopu nyingi zinazopita mikononi mwangu.

Fanya ukaguzi huu laptopu ikiwa bado inawaka. Umeme wetu tunaujua.

Wenye Retail, kabla ya kugusa chochote tafuta ufunguo wako wote: kwenye barua pepe ya manunuzi au kwenye boksi. Ile amri ya juu huonyesha herufi tano za mwisho tu, hazitakusaidia. Ukishaupata, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, yaani Run as administrator, kwenye laptopu ya zamani, andika slmgr /upk kuuondoa. Kwenye mashine mpya nenda Settings, System, Activation (sehemu ya kuiamsha Windows), uuingize. Toleo lazima lifanane: ufunguo wa Home (toleo la nyumbani) hauamshi Pro (toleo la kikazi). Ufunguo wa Retail wa Windows 10 kwa kawaida huamsha Windows 11, jambo la maana kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Kama hukuwahi kupewa ufunguo, leseni yako huenda ni ya kidijitali. Iunganishe na akaunti yako ya Microsoft ungali kwenye laptopu ya zamani. Kwenye mpya ingia kwa akaunti hiyo hiyo, fungua Troubleshoot hapo kwenye Activation, uchague kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni.

Ila ngoja kwanza. Hiyo kompyuta mpya umeiangalia? Nyingi za mezani zinazoletwa kutoka Dar, zile zilizotumika maofisini Ulaya, zina leseni yake ya kiwandani. Weka toleo linalolingana, unganisha intaneti, mara nyingi itajiamsha yenyewe. Nimeona watu wakilipia ufunguo wa bei chee mtandaoni wakati mashine ilikuwa nao tayari.

Na laptopu ya zamani ukiiuza, mweleze mnunuzi ukweli. Kama ni OEM, iache na Windows yake, uitaje kwenye bei. Kama ulihamisha Retail, mwambie anapokea mashine isiyo na leseni, mpatane mapema kabla pesa haijabadilisha mikono.