Kabla hujaformati seva, shika waya

Usiku huu saa tatu simu imeita. Kijana wetu wa fildi yuko kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja njia ya Uyole. "Shikamoo kaka. Nimeshaformati seva, ila bado hazibuti."

Nilikaa kimya. Sikuwa na hasira, nilikuwa najisikia mwenyewe nikiongea, miaka ile.

Basi wadogo zangu mnaoanza kazi ya mashine zisizo na diski, zile zinazobuti, yaani kuwaka, kwa kuvuta mfumo kutoka kwenye seva kupitia waya (njia hiyo ndiyo PXE), haya hapa. Sielezi PXE kwa undani. Kama bado hujui DHCP, mgawaji wa anwani, inamkabidhi nani kazi na TFTP, mpeleka mafaili, inaipokelea wapi, kaa kwanza na aliyekutangulia, chai ya Tukuyu nitalipa mimi.

1. Soma skrini mpaka mstari wa mwisho. PXE-E61 ni waya. PXE-E51, hakuna DHCP iliyojibu. PXE-E53, imejibu lakini haikutaja faili la kubutia. PXE-E32, faili limetajwa ila TFTP haifunguki, kwa hiyo angalia huduma yenyewe na faiawoli, poti 69. Na msinitumie tena picha ya WhatsApp iliyokata mstari wa chini ikabakiza nembo ya aliyetengeneza kompyuta. Nembo naijua.

2. Kuna ruta mahali. Mashine tano zinatoa E53 na nyingine zinabuti kama kawaida? Seva haina kosa. Mtu ameleta ruta ya Wi-Fi kutoka nyumbani akaichomeka kwenye soketi ya ukutani, nayo inagawa anwani. Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Chomoa seva kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mashine zote, kisha omba anwani kwa kompyuta yoyote yenye diski yake. Ukipewa, mgawaji wa pili yupo. Niliwahi kuikuta ruta nyuma ya kabati la vitabu ofisi ya walimu, imefunikwa kitambaa cha kudarizi isishike vumbi. Mwenyewe alinikaribisha kande, na ilibidi nile kwanza ndipo nimwambie kwamba ndiye aliyelaza darasa la kompyuta siku mbili.

3. Waya wa seva. Hili nimelikwepa miaka mingi.

Kilikuwa chumba cha mashine 24, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya inayofanya vidole visijue vimeshika nini. Waya wa mwisho kuubana ulikuwa ule wa seva kwenda swichi. Jua limezama, nawahi daladala ya Mwanjelwa. Nikapanga rangi, nikasukuma kwenye kichwa cha RJ45, nikabana, nikautazama kwenye mwanga wa simu. Kipima waya kilikuwa ndani ya begi, begi lilikuwa mgongoni. Sikukitoa.

Kesho yake nikawasha mashine moja mbele ya mkuu wa shule. Nusu dakika, imewaka. Madam akapiga makofi. Jumatatu wakaingia kidato cha pili wote, wakawasha zote kwa pamoja, na dakika 12 zikapita bila hata mmoja kuona dirisha la kuingilia. Kipindi kizima ni dakika 40. Nyuma wakaanza kuimba.

Nikailaumu TFTP. Nikatoka NFS nikaenda NBD, njia mbili za mashine kusoma diski ya seva, nikarudi NFS. Nikasimika seva upya mara mbili, usiku, nimejifunika shuka la Kimasai. Kisha nikaenda ofisini kwa Madam nikasema kwa sauti ya mtaalamu kwamba seva imezidiwa, RAM haitoshi. Hakujua RAM ni nini, ila mimi alinijua. Hela ikatoka fungu la kukarabati madawati. RAM ikapanda basi kutoka Dar, nikaifunga. Dakika 12 zilezile.

Aliyeniokoa ni fundi mzee niliyemwita kwa aibu. Hakugusa kibodi. Alisimama mbele ya swichi mikono nyuma, kama mtu anayeangalia ng'ombe mnadani. "Taa zote hizi za chungwa?" Nikamjibu ndiyo, kadi za mashine ni za megabiti 100, kwenye swichi hii gigabiti ndiyo huwasha kijani. "Na ya seva nayo ni megabiti 100?"

Kadi ya seva ilikuwa ya gigabiti. Nikaandika ethtool, amri ya kuonyesha mwendo wa kadi, ikajibu Speed: 100Mb/s. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya, megabiti 100 inatosheka na mbili. Tukakiinua kile kichwa kwenye mwanga. Waya mmoja wa kahawia ulikuwa umeishia njiani, milimita mbili hivi kabla ya kugusa meno. Seva na swichi zilikubaliana kimyakimya kushuka mwendo, bila kosa lolote kwenye skrini.

Fanyeni hesabu ambayo mimi sikuifanya. Megabiti 100 ni kama megabaiti 12 kwa sekunde. Kila mashine yetu ilivuta kama megabaiti 350 hadi kuwaka. Ikiwa peke yake, nusu dakika. Zikiwa 24 kwenye bomba lilelile, ndiyo zile dakika 12.

Nilibana kichwa kipya, cha bei ya maandazi mawili, zikawaka zote kwa dakika moja na ushee. Madam akaingia, akafurahi: "Kumbe RAM imesaidia!" Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Mwaka uliofuata nilirudi kumwambia ukweli. Akauliza ile hela ingetengeneza madawati mangapi. Nilikuwa nayo hesabu. Kumi na moja. Akasema ndaga, yaani asante, kwa kusema, akaendelea kusahihisha madaftari.

4. Swichi yenye spanning tree, ile kinga ya waya kuzunguka duara, hukaa sekunde 30 kabla ya kufungua poti na PXE inakata tamaa mapema, washeni portfast, inayofungua poti papo hapo, kwenye poti za mashine.

5. undionly.kpxe ni faili la kubutia la mashine za BIOS ya zamani, haibuti mashine ya UEFI, usibishane nayo.

6. Umeongeza programu kwenye seva na wanafunzi hawaioni? Hujaendesha ltsp image, amri inayotengeneza upya nakala ya mfumo ambayo mashine huivuta.

7. Umeme ukirudi, mashine zote huamka kabla ya seva na zote hutoa E51. Zizime, subiri seva iwake kabisa, kisha washa mstari mmoja mmoja.

Turudi kwa kijana wetu. Nimemwambia anionyeshe kwa video. E51 mashine zote. Nikasema peleka simu nyuma ya swichi: waya wa seva umechomoka nusu, unaning'inia, pengine ni ufagio wa jioni. Akausukuma, ukalia tak. Nikamuuliza kama kabla ya kuformati alitoa nakala ya mafolda ya wanafunzi. Simu ikakatika. Tangu saa nne namwona WhatsApp, anaandika, anaacha, anaandika.