Ukienda kuiona bandari ya Tanga, uliza maji kwanza

Wageni wangu wengi huitazama bandari dakika kumi tu kutoka Bustani ya Jamhuri, wakapiga picha, wakaondoka. Bustani ni pazuri, ghuba yote unaiona chini yako. Lakini bandari hii imekumbatiwa na nchi kavu karibu pande zote, na uzuri wake unaujua ukiwa majini. Tafuta mashua.

Kabla hujapatana bei, uliza maji ya bahari yanajaa na kupwa saa ngapi. Mimi mara ya kwanza sikuuliza. Nilivuka kwenda Kisiwa cha Toten saa mbili asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Saa nne na nusu, tunataka kurudi, bahari imekupwa, chombo kimelala ubavu topeni, kaa wadogo wanapita chini ya mkuku. "Mwanangu, hili bamvua," nahodha akaniambia, "tukae tungoje." Bamvua ni siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inapojaa sana na kupwa sana. Tulikaa hadi adhuhuri ikapita. Tangu hapo, siku za bamvua naenda alasiri, kwa kuwa kwenye saa kumi maji yamejaa.

Kisiwani hakai mtu. Kuna magofu ya misikiti na makaburi, mizizi imezishika kuta za mawe. Toten ni neno la Kijerumani, maana yake wafu. Vaa viatu vya kufunika vidole, miiba ni mingi.

Mashariki utaiona rasi ya Raskazone. Huko ndiko jeshi la Uingereza, wengi wao askari wa Kihindi, liliposhuka Novemba 1914. Walikuwa kama 8,000, Wajerumani na askari wao Waafrika wapatao 1,000, na bado Waingereza wakashindwa. Nyuki nao walichachamaa, wakawauma wa pande zote mbili.

Geukia mjini uangalie gati. Miaka mingi meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba, mizigo ikivushwa kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea shehena. Mkonge uliolimwa tangu 1893 ulitoka hivyo. Sasa gati jipya lina mita 450 na kina kimechimbwa hadi mita 13, meli zinafunga ubavuni. Nayafurahia maendeleo haya, ila matishari nayakumbuka sana.

Ukipata nafasi, anzia makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani. Mimi wageni wangu huwapeleka huko asubuhi, tunakula mtaa wa Ngamiani, kisha saa tisa tunateremka pwani kumtafuta nahodha.