Maswali na majibu: urea, mvua na uchachu wa udongo

Mama anayelima Walungu, Kivu Kusini, anauliza: Misimu ya mwanzo urea ilinipa mahindi mazuri. Siku hizi mfuko uleule hauleti kitu, na maharage yamedumaa kabisa. Majirani wanasema udongo umeizoea mbolea. Je, ni kweli?

Mama, udongo hauizoei mbolea, unachachuka. Vijidudu vya udongoni hugeuza naitrojeni ya urea kuwa naitreti, na katika kazi hiyo huachilia tindikali. Mahindi yakiinyonya naitreti yote, tindikali hiyo hufutika penye mizizi. Lakini mvua ikiitangulia mizizi, naitreti, ambayo udongo hauwezi kuishika, huzama chini pamoja na kalsiamu na magnesiamu, na tindikali hubaki juu.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Nusu yake ikisombwa, kuufuta uchachu unaobaki kunahitaji takriban kilo 41 za chokaa safi ya kilimo. Naitrojeni ya kiasi hichohicho ikitoka katika salfeti ya amonia, mbolea nyingine ya dukani, hudai karibu mara tatu ya chokaa hiyo, ndiyo maana siipendekezi kwa udongo mwekundu uliochoka, hata muuzaji akiipunguza bei.

Kwa kawaida pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, ikifika chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa udongoni huanza kuyeyuka na kuidumaza mizizi, huku fosforasi nayo ikinaswa. Hapo urea huwekwa kwenye mmea usio na mizizi ya kuipokea. Maharage huumia mapema, muhogo huvumilia. Ikiwa muhogo wako unastawi palepale maharage yanapodumaa, uchachu ndio ninaoushuku kwanza, lakini magonjwa ya mizizi pia hudumaza maharage, kwa hiyo pimisha pH kabla ya kununua chokaa. Ukiipata, imwage wiki tatu au nne kabla ya kupanda na kuichanganya na udongo kwa jembe, kwa kuwa ikiachwa juu hufanya kazi polepole mno.

Kijana wa Kabare: Niliweka urea jioni na usiku mvua kubwa ikanyesha. Niirudie?

Usiirudie kwa sasa. Ni kweli kwamba katika siku zake za kwanza urea hufuata maji kwa urahisi, na kwenye mteremko huenda sehemu yake imeshuka bondeni. Lakini mvua ya wastani huiingiza udongoni na kuizuia isipotee hewani kama gesi ya amonia. Tazama majani ya chini kwa wiki moja au mbili: yakianza kugeuka manjano kutoka nchani kufuata mshipa wa kati, ongeza kidogo. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kumwaga mfuko wote wakati wa kupanda, mwezi wa Septemba, mvua zinapoanza na mizizi haijafika popote. Weka theluthi moja mahindi yakishaota na iliyobaki yanapofika magotini, katika kishimo chenye kina cha sentimita 5, kando ya shina, kisha ufukie.

Mzee mmoja wa Ibanda: Jivu la jikoni linaweza kuchukua nafasi ya chokaa?

Ndiyo, Mzee, kwa bustani ya nyumbani. Jivu la kuni lina kalsiamu na potasiamu, nalo hupunguza uchachu, ila lazima litunzwe pakavu, maana potasiamu yake huyeyuka na mvua. Kwa shamba la hekta moja hutalipata la kutosha. Huko ongeza samadi na matandazo, kwa sababu mboji hushika kalsiamu isisombwe na huifunga sehemu ya alumini.

Swali jingine: Naweza kumwaga chokaa na urea siku moja?

Hapana. Chokaa huiharakisha urea kupotea hewani. Ziachanishe kwa wiki kadhaa, chokaa ikitangulia.

Na mashamba ya chai?

Chai haihitaji chokaa hiyo. Hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5, na udongo ukiacha kuwa mchachu huanza kudhoofika.